SOMO LA WAKAZI: Bastola Iliyotumika Yenye Kufuli la Ndani, na Mambo ya Kujua Kabla ya Kutoa Fedha

Lengo la somo: Baada ya kusoma somo hili, mkazi wa kata ataweza kueleza kazi na mipaka ya kufuli la ndani la bastola, kutaja njia halali ya kuhamisha umiliki wa silaha iliyotumika, na kutambua wajibu wa kaya ambayo ndani yake mna silaha.

Mfano wa kuanzia

Masoko ya tumbaku yanapofunguliwa Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui, fedha nyingi hupita mikononi mwa watu kwa muda mfupi. Mkulima hulipwa, msafirishaji hulipwa, mwenye duka la pembejeo hulipwa madeni yake. Katika kipindi hicho hofu ya kuvamiwa huongezeka, na baadhi ya wafanyabiashara huanza kufikiria kumiliki bastola.

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara mmoja wa mazao. Rafiki yake anahamia mkoa mwingine na anamweleza hivi: anayo bastola aliyoimiliki kihalali kwa miaka kadhaa, ina kufuli ndani yake na ufunguo wake upo, watoto hawawezi kuifyatua hata wakiikuta, bei ni nafuu, na jambo hilo linaweza kumalizika jioni hiyo hiyo, karatasi zitafuata baadaye.

Maneno hayo yana sehemu za kweli, na ndiyo maana ni rahisi kuyakubali. Bastola ni halali, kufuli lipo, na rafiki si mwongo. Hata hivyo, mnunuzi akitoa fedha jioni hiyo na kuondoka na bastola, wote wawili watakuwa wametenda kosa la jinai. Somo hili linaeleza kwa nini iko hivyo, na nini kifanyike badala yake.

Silaha zilizotumika si jambo geni Tabora

Biashara ya silaha zilizokwisha kutumika ina historia ndefu katika ardhi hii. Katika karne ya 19, majeshi ya Ulaya yalipoacha bunduki za kushindiliwa mdomoni na kuchukua zile za kupakiwa kwa nyuma, bunduki za zamani ziliuzwa kwa bei ya chini. Nyingi zilishushwa Zanzibar, zikavushwa hadi Bagamoyo na bandari nyingine za pwani, kisha zikapandishwa mabegani mwa wapagazi kuelekea Tabora na Ujiji pamoja na vitambaa, shanga na baruti. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza aliyekuwapo Zanzibar, Charles Euan-Smith, alikadiria kuwa silaha zilizokuwa zikiingia Afrika Mashariki zilifikia kati ya 80,000 na 100,000 kwa mwaka.

Gumegume na bunduki za fataki zilibadilisha siasa za Unyamwezi. Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, alijenga dola yake kwa nguvu ya ruga-ruga waliokuwa na bunduki hizo, na vita vyake na Unyanyembe vilivyoanza mwaka 1871 viliifunga njia ya misafara ya Ujiji. Mwezi Januari 1893, majeshi ya Wajerumani yalipoivamia ngome ya Mtemi Isike wa Unyanyembe, mtemi huyo aliliwasha ghala lake la baruti badala ya kukubali kutekwa. Wenyeji wa Tabora, kwa hiyo, wanayo kumbukumbu ya karibu ya kile ambacho silaha huweza kumfanyia mtu na nchi yake.

Katika biashara ile, bunduki ilipohama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine hakuna aliyeandika. Mkataba wa Brussels, uliotiwa saini tarehe 2 Julai 1890, ulikusudia kukomesha hali hiyo katika eneo lote la Afrika lililo kati ya latitudo ya 20 Kaskazini na ya 22 Kusini. Tabora, iliyo karibu na latitudo ya 5 Kusini, ilikuwa ndani ya eneo hilo. Mkataba ulielekeza silaha zihifadhiwe katika maghala yaliyo chini ya serikali. Mtu binafsi aliyeruhusiwa kuwa na silaha alitakiwa kuwa na kibali chenye jina lake na alama iliyogongwa kwenye silaha, na kutoa dhamana kwamba hatampa wala kumwuzia mtu mwingine. Mataifa yaliyoandika mkataba huo yalikuwa yakiligawana bara la Afrika, na udhibiti huo uliyafaa yenyewe. Lakini kanuni iliyomo ndani yake, kwamba silaha, alama yake na jina la mwenyewe visitenganishwe, imedumu hadi leo. Ndiyo iliyomo katika Itifaki ya Nairobi ya tarehe 21 Aprili 2004 kuhusu silaha ndogo katika nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, na ndiyo msingi wa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inayotumika nchini.

Kufuli la ndani hufanya kazi gani?

Bastola nyingi zina kitufe au kijiti cha usalama ambacho mtumiaji hukisogeza kwa kidole. Kifaa hicho humsaidia mwenye silaha asiifyatue kwa bahati mbaya wakati anapoibeba. Hakimzuii mtu mwingine, kwa kuwa kidole chochote, hata cha mtoto, huweza kukisogeza.

Kufuli la ndani ni kitu tofauti. Ni kizuizi kilichojengwa kiwandani ndani ya mwili wa bastola, kinachozungushwa kwa ufunguo mdogo. Kinapofungwa hushika nyundo, kifyatulio au sehemu nyingine ya mtambo, na bastola haiwezi kufyatuka. Kampuni ya Taurus ya Brazili ilianza kuweka kufuli la namna hiyo katika bastola zake mwishoni mwa miaka ya 1990, na Smith & Wesson ya Marekani ilifuata katika bastola zake za duara mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwa hiyo si kila bastola iliyotumika inalo. Umri wa bastola na aina yake ndivyo vinavyoamua.

Faida ya kufuli hilo ni ya kweli, hasa katika nyumba yenye watoto. Hata hivyo, mnunuzi anapaswa kuijua mipaka yake mitatu.

Kwanza, kufuli halitoi risasi. Bastola inapaswa kuondolewa risasi zote kabla ya kufungwa. Anayefunga bastola yenye risasi ameiacha hatari ndani yake, ikimsubiri mtu wa kwanza atakayeushika ufunguo.

Pili, ufunguo huo si kama wa mlango wa nyumba. Kwa kawaida funguo za bastola za aina moja hufanana, na ufunguo wa bastola moja huweza kufungua nyingine. Kufuli humzuia mtoto na mgeni asiyejua. Mwizi aliyejiandaa hachelewi sana.

Tatu, kufuli halifanyi kazi lisipofungwa. Jambo hili linaonekana dogo, lakini ndilo linaloshinda mengine yote. Mwenye bastola aliyerudi nyumbani usiku akiwa amechoka, akaiweka chini ya mto bila kuifunga, hana kufuli usiku huo.

Bastola iliyotumika huhamaje?

Leseni ya silaha hutolewa kwa mtu aliyetajwa jina, kwa silaha iliyotajwa namba. Rafiki anapouza bastola yake, leseni yake haiuziki pamoja nayo. Mnunuzi anapaswa kuwa amekubaliwa yeye mwenyewe kabla bastola haijaingia mikononi mwake.

Safari ya maombi huanzia mtaani au kijijini. Mwombaji huwasilisha ombi lake kwa uongozi wa mtaa au kijiji anakoishi, mahali ambapo tabia yake inafahamika, na ombi hujadiliwa. Likikubaliwa hupanda hadi ngazi ya kata, kisha kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya, na baadaye ngazi ya mkoa, hadi kwa msajili wa silaha katika Jeshi la Polisi. Mwombaji anatakiwa awe ametimiza umri wa miaka 25, awe na akili timamu, awe na sababu ya msingi ya kuhitaji silaha, na uwezo wake wa kuitumia uwe umethibitishwa.

Wakazi wengine huona hatua hizo kuwa usumbufu. Inafaa kukumbuka kwamba majirani wanaojadili ombi hilo ndio watakaoishi ukuta kwa ukuta na silaha hiyo. Wao ndio wanaojua kama mwombaji huwapiga watu wa nyumbani kwake, kama ana mgogoro wa shamba usiokwisha, au kama hushindwa kujizuia akinywa. Mjumbe anayenyamaza katika kikao hicho kwa kuona haya hamsaidii mwombaji, wala familia ya mwombaji.

Wakati maombi yanaendelea, bastola hubaki kwa mmiliki wake wa sasa, au huwekwa Polisi au kwa muuzaji wa silaha mwenye leseni. Fedha nazo ni busara zisitolewe zote kabla ya kibali, kwa sababu ombi linaweza kukataliwa.

Anayekutwa na silaha isiyo na kibali kwa jina lake hushitakiwa mahakamani, na kosa hilo huweza kuchukuliwa kuwa la uhujumu uchumi lenye kifungo cha miaka mingi. Kufuli la ndani halitakuwa utetezi. Muuzaji naye hayuko salama: bastola aliyoitoa bila kibali ikitumika katika uhalifu, namba iliyogongwa juu yake itawaongoza wapelelezi kwanza mlangoni kwake.

Ukaguzi kabla ya kununua

Ukaguzi ufanyike mbele ya ofisa wa Polisi anayehusika au fundi bunduki mwenye leseni. Usifanyike sebuleni wala nyuma ya duka. Mambo ya kuangalia ni haya:

1. Bastola iwe haina risasi. Magazini huondolewa kwanza, kisha sehemu ya juu ya bastola huvutwa nyuma na chemba hutazamwa. Kuondoa magazini peke yake hakutoshi, kwa kuwa risasi moja huweza kubaki ndani ya chemba. Kwa bastola ya duara, matundu yote hutazamwa, moja baada ya jingine.

2. Namba iliyogongwa kwenye bastola ilingane na iliyoandikwa katika leseni ya muuzaji. Namba iliyokwanguliwa au isiyosomeka ni sababu ya kusitisha biashara papo hapo.

3. Ufunguo wa kufuli uwepo, nao ujaribiwe. Fundi aufunge na kuufungua mara kadhaa, na athibitishe kwamba likifungwa bastola kweli haifyatuki.

4. Kufuli liwe halijachezewa. Wapo wamiliki wanaoling'oa au kuliziba kwa kuliona kero, na alama za bisibisi kuzunguka tundu la ufunguo hustahili maelezo.

5. Sehemu zilizolika, kutu na nyufa zikaguliwe na fundi. Bastola iliyokaa miaka mingi bila kusafishwa huweza kumdhuru anayeitumia.

Baada ya kuifikisha nyumbani

Sheria inamtaka mmiliki aihifadhi silaha yake mahali salama. Bunduki ya zamani ya kushindiliwa, isipokuwa na baruti na fataki, haikuwa na hatari kuliko gongo. Hekima ya kutenganisha inafaa hata kwa bastola ya leo: bastola iliyofungwa iwe ndani ya kasiki au sanduku la chuma lililofungiwa ukutani, risasi ziwe mahali pengine penye kufuli, na ufunguo mdogo ukae na mmiliki, usitundikwe msumarini pamoja na funguo za stoo. Silaha ikipotea au kuibwa, Polisi wataarifiwe bila kuchelewa.

Mke au mume wa mmiliki anapaswa kujua kwamba silaha ipo na karatasi zake ziko wapi, kwa sababu mmiliki hufariki na bastola hubaki. Mjane aliyeikuta sandukuni, au kijana aliyeichukua kama ukumbusho wa baba, huweza kujikuta na silaha isiyo na kibali bila kukusudia ubaya. Bastola hairithiwi kama shamba au ng'ombe. Warithi wanapaswa kutoa taarifa Polisi na kuikabidhi, na anayetaka kuimiliki aombe kwa jina lake. Hali ni hiyo hiyo kwa gobore la babu lililoning'inizwa darini: uzee wake hauliondoi katika sheria.

Kuhusu mfanyabiashara wa mfano wetu, ushauri ni mwepesi. Amshukuru rafiki yake, amwombe bastola ibaki pale ilipo kihalali, na kesho asubuhi aende ofisi ya mtaa au kijiji. Wakati anasubiri, anaweza kupunguza hatari inayomsumbua kwa kupokea malipo kupitia benki au simu, kutosafiri usiku na fedha taslimu, na kumshirikisha Polisi Kata ratiba ya msimu. Huenda akagundua kwamba hofu yake imepata dawa kabla ya leseni kutoka.

Maswali ya kujadiliana katika mkutano wa mtaa au kijiji

1. Kuna tofauti gani kati ya kitufe cha usalama na kufuli la ndani la bastola?
2. Kwa nini leseni ya muuzaji haimlindi mnunuzi?
3. Wajumbe wa kikao wafanye nini wanapojua jambo baya kuhusu mwombaji ambaye ni ndugu au jirani?
4. Je, katika mtaa au kijiji chetu yapo magobore ya urithi, na wenye nayo wasaidiweje kuyafikisha Polisi bila woga?