Barabara Kuu za Mji Unaokua

Muhula uliopita katika chama chetu cha mdahalo nilipewa kuitetea hoja ya kwamba barabara kuu ni baraka kwa mji. Nilishindwa. Nilipokuwa nikisema nilimkumbuka nyanya yangu, ambaye sisi twamwita Jaja, nikakosa maneno. Tangu hapo nimejifunza mengi juu ya barabara, na leo napenda kuwaeleza.

Jaja akaa pembeni mwa mji wa Kampala. Miaka minne iliyopita wapima ardhi walikuja, wakapaka alama nyekundu ukutani mwa nyumba yake, wakaenda zao. Tangu siku ile hajui kama atahama mwaka huu au baada ya miaka kumi. Bati lavuja, lakini alitengeneze kwa nini, nayo nyumba huenda ikabomolewa? Wala hapandi tena mikahawa, kwani mkahawa hutaka miaka kama mitatu kabla ya kuzaa.

Kwanza tuutazame mji wenyewe. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2014, Kampala ilikuwa na watu kama milioni 1.5, na wilaya ya Wakiso iliyo kandokando yake kama milioni 2. Katika hesabu ya 2024, Kampala ilifika kama milioni 1.8, lakini Wakiso ilifika kama milioni 3.4. Basi twaona kwamba mji hukua zaidi pembeni kuliko katikati. Watu wengi hulala Wakiso na kufanya kazi Kampala, na asubuhi wote huelekea upande mmoja.

Zamani pia watu walipanga. Kati ya 1945 na 1947, Ernst May, mchora majengo aliyezaliwa Ujerumani, alichora mpango wa kuupanua mji kwenye vilima vya Kololo na Naguru. Lakini Kibuga, mji wa Mengo, ulikuwa chini ya serikali ya Buganda, nao haukuunganishwa na Kampala mpaka mwaka 1968. Hivyo mji uliokuwa mmoja kwa macho ulikuwa miwili kwa mipango.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Tuseme motokaa 1,000 hupita mahali fulani kwa saa moja, nazo huongezeka kwa 5 katika kila 100 mwaka hata mwaka. Baada ya miaka 14 zitakaribia 2,000, na baada ya miaka 28 zitakaribia 4,000. Mtoto anayezaliwa leo atakuta motokaa mara nne kabla hajafika umri wa miaka thelathini. Ndiyo sababu mhandisi haijengi barabara kwa kuzitazama motokaa za leo tu. Huuliza watu watalala wapi, watafanya kazi wapi, na wangapi waweza kupanda basi moja badala ya kila mtu kuendesha gari lake. Asipouliza hili la mwisho, barabara mpya hujaa kama ile ya zamani.

Jambo la pili ni ardhi. Barabara yenye upana wa mita 60 na urefu wa kilomita 20 hutaka eka kama 300. Eka hizo zikiwa mashamba, kazi ni rahisi kidogo. Zikiwa zimekwisha kujengwa nyumba, maduka na shule, kila hatua ni kesi na machozi.

Tuna mfano karibu. Barabara iuzungukayo mji kwa kaskazini, toka Bweyogerere hata Busega, ina kilomita 21. Kazi ilianza mwaka 2004, ikafunguliwa 2009. Sehemu yake hupita katika kinamasi cha Lubigi, ambacho hupokea maji ya mvua ya mji. Kwa hiyo mwenye kupanga hana budi kuyafikiria maji pia, si magurudumu tu. Lakini sehemu kubwa ya barabara hiyo ilijengwa kwa njia moja nyembamba, nayo ikajaa upesi. Mwaka 2014 ilianza kazi ya kuongeza njia ya pili. Kazi hiyo ilichukua muda mrefu kuliko ilivyokusudiwa, na sababu moja kubwa ilikuwa kupata ardhi.

Basi, je, dawa ni kuchora mstari mapema? Naam, lakini mstari peke yake hautoshi. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika kifungu cha 26, yasema kwamba mtu alipwe haki yake kabla mali yake haijachukuliwa. Mstari uliochorwa bila tarehe wala malipo haumchukulii mtu ardhi, lakini humfunga mikono. Mpango mwema wa miaka thelathini una mambo matatu: mstari ambao kila mtu ameonyeshwa, siku ya kulipa inayojulikana, na kujenga kwa hatua, ili nafasi ya njia ya pili iwe tayari hata kama fedha bado.

Wakati wa likizo nilimwuliza Jaja kama aichukia barabara. Alicheka, akasema, “Mjukuu wangu, mimi nilipokwenda kukuzaa mama yako nilibebwa kwa baiskeli. Niichukie barabara? Wangeniambia tu nilipokuja hapa, ningejenga pale juu mlimani.”

Laiti ningalikuwa na maneno hayo siku ya mdahalo! Barabara ni baraka, lakini kwa mtu aliyeambiwa mapema. Nawaomba ndugu zetu mliotoka shule hii, nanyi sasa mmeshika kalamu katika ofisi za ramani na za ardhi: mnapopiga mstari, kumbukeni kwamba chini ya kalamu kuna jiko la mtu. Nasi tulio bado darasani tusizidharau hesabu, kwani kwa hesabu hizo tutawapangia wajukuu wetu njia.