Mzigo Wako, Mzigo Wangu

JUMANNE

Soma Wagalatia 6:1–5. Fungu la 2 linaagiza tuchukuliane mizigo. Fungu la 5 linasema kila mtu atauchukua wake. Je, Paulo anajipinga?

Katika karne ya 19, wapagazi Wanyamwezi walitoka Tabora hadi Bagamoyo na pembe za ndovu. Walisafiri pamoja, lakini kila mmoja alikuwa na mzigo wake, takribani kilo 30.

Paulo alitumia maneno mawili ya Kiyunani: la kwanza ni uzito unaomlemea mtu, la pili ni mzigo ampasao kila msafiri. Mke anayelipa deni la gongo la mumewe, au kumdanganya mwajiri kwamba mume anaumwa, hudhani anapenda. Kumbe amejitwika mzigo wa mwenzake, naye haoni sababu ya kubadilika.

Mke akikataa, huenda mume akakasirika, hata kazi ikapotea. Hapo ndipo kanisa lichukue uzito pamoja nao: kumsindikiza mume zahanati, kuomba naye, kumkaribisha jioni zile alizozoea kwenda kilabuni.

Ni mzigo wa nani umekuwa ukiubeba kwa jina la upendo? Utautuaje bila kumwacha mwenyewe?