Mahindi yakisimama kwenye maji, tazama mizizi kwanza

Masika ikikolea huku kwetu Ifakara, swali ninaloulizwa na wakulima wenzangu ni lile lile: mahindi yamekuwa manjano, niweke urea kiasi gani? Usiweke kitu kwanza. Chukua jembe, chimbua mche mmoja na udongo wake, suuza mizizi, uitazame.

Mzizi mzima ni mweupe na mkakamavu. Uliokosa hewa ni wa kahawia. Ukiuvuta kwa vidole ganda linavuka, unabaki uzi mwembamba wa ndani, na udongo wake mara nyingi unanuka yai viza. Mizizi nayo hupumua, na oksijeni hupenya majini polepole mara 10,000 hivi kuliko hewani. Shamba likituama, hewa kidogo iliyobaki ardhini humalizwa na mizizi pamoja na vijidudu, na kwenye joto letu haichukui muda. Mzizi usiopumua hauna nguvu ya kuvuta maji wala chakula, ndiyo maana mmea hunyauka ukiwa katikati ya dimbwi.

Na manjano? Vijidudu vinavyoishi bila hewa huibadilisha nitrojeni ya udongoni kuwa gesi, ikapotea. Mmea nao huhamisha nitrojeni ya majani ya chini kwenda kwenye machanga, kwa hiyo manjano huanzia chini. Kumwaga urea wakati huo ni kumlisha aliyefumba mdomo. Inaniuma kuona mtu amekopa fedha ya mfuko mzima halafu unaishia majini.

Jaruba la jirani, maji yale yale, mpunga umestawi. Una mirija ya hewa inayoshusha oksijeni kutoka majanini hadi mizizini. Mahindi nayo hujitahidi: gesi ya ethilini hushindwa kutoka kwa sababu ya maji, ikijaa mizizini huuchochea mmea kufungua nafasi za hewa ndani yake na kuotesha mizizi mipya kwenye pingili za chini. Nikiona vichomozi hivyo vyeupe shinani, najua mche haujakata tamaa.

Kwa hiyo chimba mtaro kuelekea upande wa chini wa shamba, maji yatoke. Usitembee katikati ya mistari udongo ukiwa tope, maana unaushindilia na kuziba hewa zaidi. Udongo ukiacha kunata kwenye jembe, palilia na uvutie udongo shinani ufunike ile mizizi mipya. Hapo sasa weka mbolea ya kukuzia, kidogo kidogo.

Mahindi yenye majani chini ya sita bado yana ncha ya kukua ndani ya ardhi, hivyo maji huyaumiza upesi. Pasua shina moja kwa kisu, kwa urefu: ncha hiyo ikiwa nyeupe na ngumu, subiri siku tatu hadi tano baada ya maji kutoka uone jani jipya. Ikiwa laini na ya kahawia, panda upya kama msimu bado unaruhusu.

Maharage hayavumilii hivyo. Kuoza mizizi huja haraka. Nyanya hutoa taarifa mapema, vikonyo vya majani huinama chini. Na pale panapotuama kila mwaka, mimi nawashauri watu wapande mpunga au magimbi, mahindi yapandishwe kwenye matuta upande wa juu.