Somo la Mwezi: Kuutilia Mforosadi Mbolea

Fungu la kusoma: Luka 13:6-9

Katika fungu hili mwenye shamba anataka mtini ukatwe, maana miaka mitatu haujazaa. Mtunza shamba anaomba mwaka mmoja zaidi. Lakini haombi muda mtupu: anaahidi kupalilia na kutia samadi. Mforosadi ni wa jamaa moja na mtini, na sisi tunaofuga viwavi wa hariri tunalihitaji somo hilohilo.

1. Kwa nini mbolea?
Kiwavi wa hariri hula majani ya mforosadi tu. Hariri ni protini, na hakuna protini bila naitrojeni. Naitrojeni hutoka udongoni, hupanda kwenye jani, huingia kwa kiwavi, ndipo huwa uzi. Tukichuma bila kurudisha, majani hubaki madogo na huwa manjano, kuanzia yale ya chini. Hasara huonekana mwishoni: katika umri wa tano, yaani kama wiki moja, kiwavi hula zaidi ya robo tatu ya chakula cha maisha yake yote. Majani yakipungua wiki hiyo, kazi ya siku zote zilizotangulia imepotea.

2. Kiasi gani?
Wataalamu wa India, kwa miforosadi inayotegemea mvua, hushauri kilo 100 za naitrojeni kwa hekta kwa mwaka, zigawanywe mara mbili. Kwa kipande cha mita 10 kwa 10 ni kilo 1, ambayo hupatikana katika yurea kilo 2 na robo hivi. Miti ikiwa sentimeta 90 kwa 90, kila mmoja hupata kama gramu 10 kila mara, karibu vizibo viwili vya soda.

3. Namna gani?
Tia wiki 2 hadi 3 baada ya kupogoa, machipukizi yakiwa yametoka na udongo una unyevu. Chimba mfereji mdogo mbali kidogo na shina, tia, kisha fukia. Yurea ikiachwa juu, sehemu yake hugeuka hewa na kupotea.

4. Asiye na pesa afanyeje?
Atumie samadi iliyooza vizuri. Apande kunde au maharage katikati ya mistari, kwa maana mizizi yake hukamata naitrojeni ya hewani, kisha afukie mabaki. Kinyesi cha viwavi nacho ni mbolea, lakini kiozeshwe kwanza shimoni, mbali na nyumba ya kufugia, kwa kuwa hubeba magonjwa.

5. Tusizidishe
Naitrojeni ikizidi, jani huwa laini na lenye maji mengi, na viwavi wanaolila hushikwa na magonjwa upesi.

Neno la mwisho
Wako wanaosema: udongo huu si wetu, kwa nini tuulishe? Tusome tena. Yule aliyeahidi samadi hakuwa mwenye shamba. Alikuwa mtunzaji tu, naye aliombea mti usiokuwa wake.

Maswali ya vikundi
- Ni kazi gani tumeiacha kwa kusema hapa si kwetu?
- Tunaomba muda kwa Mungu: tumeahidi kufanya nini ndani yake?