Anza na Daftari la Alizeti

Mdogo wangu wa Kiomboi, unaniuliza ulipie kozi gani ya kanzidata mtandaoni. Kwa sasa usilipe popote. Khan Academy wana somo la bure la SQL, lugha ya kuulizia kanzidata, na Harvard wameiweka wazi kozi yao ya CS50 ya SQL, pamoja na maandishi yake. Soma hayo maandishi kwanza. Video zitakula bando lako. Kiingereza kisikutishe, amri za kuanzia ni chache: SELECT, FROM, WHERE.

Ninachohofia ni kitu kingine. Utafanya mazoezi kwa mifano ya watu wa mbali, upate cheti, halafu ukipewa kazi ya hapa Singida ukwame. Kwa hiyo kila somo lirudie kwa daftari la mashine ya kukamua alizeti, maana hilo unalijua: tarehe, jina la mkulima, kijiji, simu, magunia, malipo. Mkulima akileta mzigo mara sita, namba yake ya simu imeandikwa mara sita. Akibadilisha laini je, utafuta wapi na wapi? Usumbufu wa namna hiyo ndio Edgar Codd wa IBM alioupunguza mwaka 1970 alipopendekeza data ikae kwenye majedwali yanayohusiana. Jedwali moja la wakulima, kila mmoja na namba yake ya pekee. Jingine la mizigo, linalotaja namba hiyo tu. Jina halifai kuwa utambulisho. Kijiji kimoja kina akina Hamisi wangapi?

Chora majedwali hayo kwenye karatasi, kisha yajenge kwa programu ya SQLite. Ni ya bure, ndogo, na ukishaipakua haidai intaneti. Kuandika amri kwenye kioo cha simu kunachosha mno, bora uombe kompyuta ya steshenari wateja wakipungua.

Ukifika kwenye JOIN, amri ya kuunganisha majedwali, tulia hapo hata wiki nzima. Wengi huiruka. Jiulize: nani alileta magunia zaidi ya kumi mwezi wa sita na hajalipa ukamuaji? Jibu litoke kwa amri moja, kutoka majedwali yote mawili.

Ila wakulima wako wawe wa kubuni, simu zao pia. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na deni la jirani si la kufanyia mazoezi.