Kushika kabla ya kuchoma

Mwanafunzi wa udaktari anapoingia wodi ya watoto, macho yake huwa kwenye sindano. Anataka kuambiwa achome wapi na kwa pembe gani. Ila kanula nyingi hushindikana kabla ngozi haijaguswa: mtoto anajinyonganyonga, mama amechanganyikiwa, mkono haukushikwa sawasawa. Kwa hiyo, wewe unayemfundisha, mpe kwanza kazi ya kushika. Siku za mwanzo awe msaidizi wa muuguzi mzoefu (ambaye mara nyingi hupata mshipa uliotushinda madaktari), na asiguse sindano mpaka muuguzi huyo aridhike naye.

Kushika si kukandamiza. Mtoto akilazwa chali na watu watatu juu yake, hofu humpa nguvu asizokuwa nazo. Akae mapajani mwa mama, kifua kwa kifua, mama akimkumbatia. Mwanafunzi ashike mkono unaochomwa juu na chini ya kiungo, usicheze. Kichanga anyonye huku akichomwa, maana kunyonya hupunguza maumivu. Asiyeweza kunyonya, na hali yake ikiruhusu, apewe matone machache ya maji ya sukari yaliyoandaliwa na hospitali, kama dakika 2 kabla. Na kazi hii ifanyiwe kwenye chumba cha matibabu, si kitandani pake.

Maneno nayo yafanyiwe mazoezi. Watoto wetu wamelelewa na kitisho cha “ukilia, daktari atakuchoma sindano”, hivyo koti jeupe tu linatosha kuanzisha kilio. Mwanafunzi asiseme “haiumi”. Akigundulika ni mwongo, hatasikilizwa tena. Aseme “utasikia kama umefinywa, kisha itaisha”. Kwa mzazi aanze kwa heshima: “Shikamoo mama. Mimi ni mwanafunzi wa udaktari, daktari wangu huyu hapa ananisimamia. Naomba nimwekee mtoto kanula.” Mama akikataa, usimbembeleze wala usimnunie. Chukua sindano wewe.

Mikono nayo ijifunze kwingine kabla ya kufika kwa mtoto. Mpira mwembamba wa seti ya dripu iliyokwisha muda, ukijazwa maji ya rangi na kufunikwa ngozi ya kuku, unatosha kabisa kujifunzia. Mfundishe kulaza sindano chini zaidi kuliko kwa mtu mzima, kwani mshipa wa mtoto uko karibu na ngozi. Kanula ya njano, namba 24, huchelewa kuonyesha damu, kwa hiyo asogeze polepole na kusubiri. Damu ikionekana, alaze sindano zaidi, aiingize milimita moja au mbili, ndipo atelezeshe kanula. Wengi hukosea hapo: wanaona damu, wanafurahi, wanatelezesha mapema, mshipa unapotea. Kwa mazoezi ya kuchoma sindano kwenye mfupa, paja la kuku lenye mfupa linafaa sana.

Ngozi ikiwa nyeusi au mtoto akiwa mnene, mshipa hutafutwa kwa kidole, si kwa macho. Aijue mishipa ya kutafuta: ule wa mgongo wa kiganja, na ule unaopita mbele ya kifundo cha ndani cha mguu. Wa kichwani kwa kichanga aupapase kwanza. Ukidunda ni ateri, auache. Mkono ambao mtoto hunyonya kidole chake usiguswe kama upo mwingine.

Mkubaliane kabla ya kuanza: akikosa mara 2, anampisha mwingine. Sharti hili lisiachwe kwenye busara ya papo kwa papo, maana mwanafunzi aliyekosa huona aibu kuacha, nawe unamwonea huruma, na anayelipa ni mtoto. Aliye kwenye mshtuko hafanyiwi mafunzo hata kidogo. Mkono mzoefu uingie, na mshipa usipopatikana haraka, uchomwe mfupa wa ugoko. Vipimo vya damu navyo viombwe kwa hesabu: kichanga wa kilo 3 ana damu isiyofika mililita 300 mwili mzima.

Kanula ikishakaa, asukume kwa upole mililita moja au mbili za maji ya chumvi huku akiangalia kama panavimba, afunge banzi na plasta vidole vikionekana, kisha aandike kwenye faili alipochoma na mara ngapi. Kabla ya kutoka zamu arudi kwa mtoto huyo. Akikuta pamevimba au pana joto, aitoe mwenyewe.