Mtende, Vanila na Hadithi Niliyoisoma Nusu



Likizo iliyopita nilikuwa Mukono kwa shangazi yangu, mkulima wa vanila. Ua la vanila hufunguka siku moja tu. Lisipochavushwa siku hiyo hunyauka na tunda halipatikani. Basi shangazi hupita ua kwa ua na kijiti chembamba, akainua kiwambo kidogo kinachotenga sehemu ya kiume na ya kike, kisha akazigusanisha kwa kidole. Nikamwambia, "Shangazi, si umwachie Allah?" Akanijibu, "Na mikono hii nimepewa na nani?"

Niliona haya, maana hadithi inayohusu jambo hilo nilikwisha kuisoma darasani.

Imam Muslim amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) aliwakuta watu wa Madina wakichavusha mitende. Mitende ina miti dume na miti jike. Dume hutoa chavua, jike huzaa tende. Upepo pekee hautoshi kuleta mavuno mazuri, kwa hiyo mkulima hukata vishada vya maua ya dume akaviweka kati ya maua ya jike. Mtume (s.a.w.) akaona huenda ni bora waache. Wakaacha, na mavuno yakapungua. Alipoelezwa, akawafahamisha kwamba yale yalikuwa maoni yake kama binadamu, na kwamba wao wanayajua zaidi mambo ya dunia yao. Ila akiwaamrisha jambo la dini, walishike.

Ndugu zangu, wapo wanaoichukua hadithi hii na kusema dini ikae msikitini, biashara haiihusu. Hao wameisoma nusu, kama mimi. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Ibn Umar (r.a.) hadithi nyingine ya mtende huohuo: mtu akiuza mitende iliyokwisha kuchavushwa, matunda ni ya muuzaji, isipokuwa mnunuzi akiyawekea sharti.

Tuziweke hadithi hizi mbili pamoja. Namna ya kuchavusha ameachiwa mwenye ujuzi. Haki baina ya muuzaji na mnunuzi imewekewa hukumu, na jasho la aliyechavusha halikupotea.

Kwa hiyo sisi wa masomo ya dini tusiwafundishe wenzetu wa kilimo na udaktari kazi yao. Nao wasidhani kwamba ujuzi unawaondolea swali la halali na haramu. Katika Surat Yasin, aya ya 36, Allah (s.w.t.) anatukumbusha kwamba vinavyooteshwa na ardhi ameviumba kwa jozi. Anayeichunguza jozi hiyo shambani na anayeisoma aya wanahitajiana.

Kesho yake niliomba kijiti. Nikasema Bismillahi, nikaanza. Ua la kwanza nililivunja. Shangazi akanishika mkono, akanionyesha tena.

Wabillahi tawfiq.